Mkono Uliotulia

Kipara hakuwa na kipara. Walimpachika jina hilo kwa sababu tangu utotoni nywele zake zilikatwa karibu kabisa na ngozi, na aliyezikata alikuwa baba yake, kinyozi. Mama yake alifariki mapema, na baba mtu hakujua kusuka. Alijua kunyoa. Basi akamnyoa binti yake kama alivyowanyoa wanaume wa mtaa, ukingo umechongwa sawasawa kutoka kwenye paji la uso mpaka kisogoni, na binti akakua hivyo, akapendeza hivyo. Alipofika umri wa kushika mashine ya kunyolea akasimama nyuma ya kiti cha pili katika duka la baba yake. Mteja mgeni akiingia na kusitasita mlangoni, baba yake, ambaye mtaa mzima ulimwita Mzee, alimwonyesha binti kwa kidole.

"Kazi yangu ile pale. Mwangalie kisogo, halafu ukae."

Mimi nashona nguo mlango unaofuata. Wananiita Cherehani, wengine wanasema ni kwa sababu ya kazi, wengine kwa sababu ya mdomo. Ukuta kati ya duka lao na langu ni wa mbao, hauzuii hata chafya, na Kipara alikuwa akija kwangu kila alipobanwa na jambo. Nayasema haya mapema ili asije mtu akaniuliza nimeyajuaje.

Ugonjwa wa Mzee ulianza kwa furaha. Alikuwa mtu wa maneno machache, mara akawa hanyamazi. Akaanza kunyoa watu bure. Wateja wakafurahi, wakaleta na ndugu zao, na hakuna hata mmoja aliyejiuliza kwa nini mtu aliyekuwa akibishana na kila anayeomba kupunguziwa ghafla amekuwa karimu. Kipara aliniambia baba halali, anazunguka chumbani akipanga na kupangua nyembe. Nikamwambia atapumzika tu, ni uchovu. Na mimi nilikuwa sijui kitu.

Kisha siku moja mchana alitoka barabarani, shuka la kunyolea begani na wembe mkononi, akawaita wapita njia waje wanyolewe kabla ya ukaguzi. Ukaguzi gani, hakuna aliyejua. Alisema vichwa vyote vitakaguliwa na vyenye nywele vitarudishwa. Hakumgusa mtu. Narudia, hakumkwaruza mtu, maana leo ukiuliza utaambiwa alifukuza watoto, alimkata askari sikio, na uongo mwingine unaotiwa chumvi kila ukipita mdomo mpya. Wanaume aliowanyoa miaka nenda miaka rudi ndio waliomwangusha chini na kumfunga mikono kwa shuka lake mwenyewe. Mwenye bucha, na mwili wake wote ule, alimkalia mgongoni. Kipara alikuwa akimsukuma huku akilia, "Mnamuumiza! Baba yangu mnamuumiza!" Alikuwa kama anasukuma ukuta.

Wakampeleka hospitali ile yenye ukuta mrefu, ambayo watu wa kwetu hawaitaji kwa jina. Wanasema "kule" tu, na kila mtu anaelewa.

Mzee alipokuwa angali amelazwa, dada yake alikuja dukani. Shangazi huyu ni mwanamke wa kupanga mambo. Akiingia mahali hata viti vinajipanga. Alimketisha Kipara, akanikodolea macho mimi nitoke, nami nikajikausha kana kwamba sijaona.

"Sikiliza, mwanangu," alisema. "Tukiulizwa, baba yako ana presha. Presha ilipanda, ikampandia kichwani, basi."

"Shangazi, watu wote walimwona."

"Kuona waone. Kusema ndiyo tusiseme. Nina mabinti wawili ndani hawajaolewa. Sitaki watu waanze kutuchunguza damu."

Ikawa presha. Mtaa mzima ulikuwa umeona kwa macho yake, na mtaa mzima ukawa unauliza kwa heshima: "Presha ya Mzee inaendeleaje?" Kipara alijibu inashuka, namshukuru Mungu. Waliouliza walikuwa wakiondoka mbele ya mlango wangu wakishikana mikono na kucheka. Nilitamani niwarushie pasi.

Mzee akarudi. Alikuwa amenenepa, uso umejaa, anatembea taratibu kama mtu aliyevaa viatu vya mwenzake. Lakini alikuwa ni yeye. Alinisalimia, akaniuliza habari za mguu wangu unaouma, akakumbuka ni upi. Akili yake ilikuwa imerudi nyumbani, namwambia yeyote anayebisha. Kilichokuwa hakijarudi ni mikono. Dawa alizopewa zilikuwa zinamtetemesha. Akishika kikombe, kikombe kilipiga sahani. Akifunga kifungo cha shati, alikifukuza kwanza.

Hata hivyo asubuhi moja alivaa koti lake jeupe, akasimama nyuma ya kiti cha kwanza kama zamani.

Kwa vinyozi wa kwetu taratibu ni moja: anayeingia hukaa kwenye kiti kilicho wazi. Huchagui. Kumpita kinyozi aliyesimama mikono mitupu ukaenda kumngojea mwenzake ni kumtukana mbele za watu. Siku ile wateja waliingia mmoja baada ya mwingine, wakakitazama kiti cha kwanza, wakamtazama Mzee mikono, wakakaa kwenye benchi.

"Karibu," Mzee alimwambia wa kwanza.

"Aa, Mzee, mi nangoja tu. Sina haraka."

Wa pili naye hakuwa na haraka. Wa tatu alikumbuka kwamba alikuja kusoma gazeti. Sijawahi kuona mtaa wenye watu wasio na haraka kama ule. Mzee alisimama pale mpaka mchana, akifuta kioo kilichokuwa safi, huku Kipara akinyoa na kunyoa, jasho likimtoka, benchi limejaa.

Kipara alipigana. Hilo lazima niliseme, maana yanayofuata yasije yakamharibia jina. Mwenye bucha alipoingia na kuelekea kwenye benchi, Kipara alizima mashine.

"Kiti kiko wazi."

"Nimekiona."

"Basi kaa. Au hizo ndevu zako kanyolee buchani kwa panga."

Watu wakacheka, mwenye bucha hakucheka. "Dada, presha ya baba yako iko mikononi. Mimi koo langu ninalo moja."

Mzee alisikia. Aliinama akaokota nywele chini, nywele chache tu ambazo ufagio ungezichukua, akazitia kwenye ndoo.

Angeweza mtu kusema waziwazi: jamani, mikono hii ni dawa, si wazimu, wazimu umetulia, dawa ndiyo inatikisa. Lakini tulishasema ni presha, na presha haina dawa ya namna hiyo. Kwa hiyo kila alipotetemeka, watu walisema kimoyomoyo, bado kichaa kimo, kinaonekana kinachezacheza. Yeye mwenyewe hakuwa akienda kule kuchukua dawa. Kipara ndiye aliyekwenda, amejitanda mtandio mpaka puani, kwa sababu foleni ya wagonjwa inaonekana kutoka barabarani. Alikuwa akipokea dawa na kukimbia. Daktari alikuwa amemwambia amlete baba wamtazame, aeleze kama kuna tatizo. Hakumpeleka. Hakueleza. Angekaa kwenye benchi la nje la hospitali mtu anayemfahamu akapita, ingekuwaje? Ndivyo alivyofikiri, na mimi nilimwambia afikirie hivyohivyo.

Mzee alikuwa na desturi ya kumnyoa bintiye siku ambayo duka halina watu. Aliporudi alimwambia, "Njoo nikuweke sawa."

"Kesho, baba. Leo nimechoka."

Kesho yake palikuwa na wateja. Wiki iliyofuata kichwa kilikuwa kinamuuma. Nywele zikaota. Kwanza ukingo ukapotea, kisha zikafunika masikio kwa juu, kisha akaanza kuzifunga kitambaa na kuniambia eti anajaribu mtindo. Mimi nashona, jicho langu linaona kitu kisicholingana hata kiwe cha upana wa uzi. Nilimwuliza mara moja tu.

"Unamwogopa?"

"Simwogopi." Alijibu haraka mno. Halafu akakaa kwenye kigoda changu, akajishika shingo kwa nyuma. "Namwogopea. Akinikata hata kidogo tu, dada, hata damu tone moja, basi amekwisha. Atakuwa amemkata mwanawe. Nani atakaa tena?"

Nilimwamini, na mpaka leo namwamini. Ila hofu, yawe majina yake yoyote, ukiitazama kwa nje inafanana.

Aliyeisema mbele za watu alikuwa mwenye bucha, na sidhani alikusudia ubaya. Ni mtu wa kufungua mdomo kwanza. Kitambaa cha Kipara kilikuwa kimelegea, nywele zimechomoza.

"Kipara gani huyu mwenye msitu?" akasema. "Hata wewe huna haraka, eh?"

Benchi zima likalipuka kwa kicheko. Nilikuwa mlangoni nimekuja kuazima mkasi. Mzee naye alicheka. Alicheka akiwa anamtazama binti yake kupitia kwenye kioo, na binti yake akainamisha macho kwenye kichwa alichokuwa akinyoa. Roho iliniuma, nikaondoka bila mkasi.

Baada ya hapo mikono ilianza kutulia.

Haikuwa mara moja. Siku moja nilimwona anakunywa chai na kikombe hakikulia. Siku nyingine alitunga uzi kwenye sindano yangu, mara ya kwanza tu, akanirudishia akitabasamu. Usoni alipungua, macho yakachangamka. Kipara alikuja kwangu akanikumbatia nusura tuiangushe mashine.

"Dada Cherehani, dawa zimefanya kazi! Umeona mikono?"

"Nimeiona."

"Nilijua tu. Nilijua ni suala la muda."

Kila asubuhi yeye ndiye aliyempa vidonge na maji, akasimama mpaka amemeza. Tulishukuru Mungu, tukala vizuri siku hiyo. Watu wawili wazima, na hakuna aliyejiuliza.

Mzee akaanza kunyoa tena. Alianza na mgeni asiyejua habari za mtaa, akamtoa anang'aa. Benchi likatazama. Akaja mwalimu mmoja mstaafu, akakaa, akatoka salama. Mwishowe mwenye bucha mwenyewe alikaa, ameshika mikono ya kiti kama anang'olewa jino, na Mzee akapitisha wembe kwenye koo lile nene, povu likaondoka na ndevu zake, hapakubaki hata mkwaruzo. Mwenye bucha akajipapasa shingo. "Mzee amerudi," akasema, na watu wakapiga makofi. Mimi nilitokwa na machozi, sioni aibu kusema.

Ndipo Kipara akafungua kitambaa chake. Ilikuwa siku ya watu wengi, na nadhani aliichagua kwa makusudi. Akaketi kwenye kiti cha kwanza.

"Baba, niweke sawa."

Mzee alimtandikia shuka, akalifunga shingoni polepole. Akachukua mashine, nywele zikaanguka, na kile kichwa tulichokijua kikatokea tena. Benchi zima likatabasamu. Kisha akachukua wembe kuchonga ukingo wa nyuma, akamwinamisha kichwa. Mkono ulikuwa umetulia, umetulia kabisa, kama wa kijana.

Akaanza kuzungumza.

"Unazisikia?" alimwambia kwa sauti ya chini. "Zinaitana. Kila unywele una mwenyewe, na mwenyewe anautafuta. Nimewaambia wasubiri, nawasafishia vichwa vyote. Watakuja kukagua. Safari hii wameniahidi."

Nilikuwa nimesimama karibu, niliyasikia yote. Wa kwenye benchi waliona midomo inacheza tu, wakadhani baba anambembeleza mwanawe. Kipara aliinua macho akamtazama kwenye kioo. Nilimwona akielewa. Mikono ile haikuwa imetulizwa na dawa. Ilikuwa imetulia kwa sababu hakuna dawa.

Wembe ulikuwa shingoni mwake. Angeruka, angelia, watu wangejua na wangemrukia Mzee kama ile siku ya kwanza. Hakuruka. Alishika magoti yake chini ya shuka.

"Nazisikia, baba," akasema. "Malizia. Taratibu tu."

Na akamaliza. Sijawahi kuona ukingo mzuri kama ule. Alimpangusa shingo, akamfungua shuka, akalikung'uta, na tayari alikuwa akimwita anayefuata, sauti imeanza kupanda, "Njooni, njooni wote, muda umekwisha!" Kipara aliinuka akauchukua wembe kwenye kiganja cha baba yake kwa upole, akaukunja, akautia mfukoni. Akageukia benchi.

"Duka limefungwa. Baba yangu anaumwa."

"Presha?" mtu akauliza.

"Si presha. Haijawahi kuwa presha. Ni ugonjwa wa akili. Ana dawa, dawa zinamtetemesha mikono, na nyinyi mlimcheka mikono. Na mimi nilikimbia mikono. Haya, tokeni."

Walitoka wakikanyagana. Mmoja, ambaye Kipara alikuwa amempaka povu kwenye kiti cha pili kabla ya kuketi mwenyewe, alikwenda na povu lake shavuni, shuka la duka shingoni, na hajalirudisha mpaka leo. Mwenye bucha alibaki mlangoni. Nilidhani anataka kumkalia tena mgongoni, nikashika mkasi. Akasema ana gari, awapeleke. Tukaenda naye, na njia nzima hakufungua mdomo.

Kule, daktari alikuwa kijana mwenye uso wa kukosa usingizi. Aliuliza vidonge vimekwenda wapi. Mzee, ambaye kwa dakika chache alitulia, alisema kwa fahari kidogo kwamba alivibana shavuni, kisha akavitema kwenye bomba la dukani alipokuwa akiosha brashi.

"Kwa nini, baba?"

"Mwanangu alikuwa anaukimbia mkono wangu," akasema. "Nikautuliza."

Kipara alitoka nje akaenda kukaa kwenye lile benchi linaloonekana kutoka barabarani, bila mtandio. Nilikaa naye. Alilia kwa sauti, watu wakapita, wakatazama, wakaendelea na safari zao.

Safari hii Mzee alilazwa muda mrefu zaidi. Alipotoka, daktari alipunguza kipimo cha dawa, akaongeza nyingine ya kutuliza mikono. Alisema hilo lingewezekana tangu mwanzo kama angeambiwa. Ilisaidia. Kikombe kilitulia. Wembe haukutulia. Daktari akajaribu kupunguza tena, Mzee akaanza kukesha, ikabidi wairudishe.

Shangazi hajakanyaga dukani tangu siku ile. Alituma ujumbe kwamba Kipara amewafungia wanawe milango ya ndoa. Wateja nusu walihamia kwa kinyozi wa upande wa pili. Waliobaki wanakuja, wananyolewa na Kipara, wanamsalimia Mzee kwa sauti kubwa kama vile ni kiziwi. Mwenye bucha alikuja akajitolea kukaa kiti cha kwanza. Mzee alimtazama, akatazama mkono wake, akamwambia, "Nenda kwa mwanangu." Siku iliyofuata hakuvaa koti jeupe, na hajalivaa tena.

Juma lililopita Kipara aliniita asubuhi nikae na baba yake ili yeye afungue duka. Nilimkuta amesimama mbele ya Mzee na vidonge kwenye kiganja na bilauri ya maji. Mzee alikuwa amefumba mdomo.

"Baba, tafadhali."

"Unajua unachonipa?"

"Najua."

"Hujui." Hakuwa na hasira, na macho yake yalikuwa ya mtu mwenye akili zake timamu, ndiyo maana nilishindwa kumtazama. "Nikiwa na mikono sina akili. Nikiwa na akili sina mikono. Miaka yote hii mimi ni kinyozi. Sasa nina akili ya kufanya nini? Ya kukaa hapa nijue kwamba mimi si kitu?"

Nilitarajia Kipara amwambie wewe ni baba yangu, inatosha, maneno ya namna hiyo. Hakuyasema, na nilishukuru, maana yangekuwa ni kumpaka mafuta kwa mgongo wa chupa.

"Chagua wewe," Mzee akasema. "Mimi nimechoka kuchagua. Utakachotaka ndicho nitakuwa."

Binti alisimama pale. Kisha akavitia vidonge mdomoni mwa baba yake, kimoja kimoja kama anayemlisha mtoto, akamshikisha bilauri.

"Nakutaka hapa," akasema.

Mzee akanywa. Maji mengine yalimwagika kifuani, akaacha yamwagike. Alipomaliza alifungua mdomo wazi, akainua ulimi, akageuza shavu hili na lile, ili bintiye aone kwamba hakuna alichobana. Kipara alichungulia, akahakikisha. Akamfuta kifua kwa taulo, akachukua funguo, akaenda kufungua duka.